Sura ya 7: Herufi A Inapogeuka Kumi

Ubao wa Arduino Uno umewekwa mezani, umeunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Ndani yake kuna programu fupi ya C yenye kazi moja: kupokea namba ya heksadesimali iliyoandikwa kwenye kompyuta, kisha kuirudisha kwa hesabu ya kawaida ya makumi. Mtu anaandika 1A na kubonyeza kitufe cha kutuma. Jibu sahihi ni 26. Ubao unajibu 429.

Anabadilisha mpangilio mmoja kwenye dirisha la mawasiliano, ule unaoamua mstari umalizike kwa alama gani, na kutuma 1A ileile. Sasa jibu ni 426. Anabadilisha tena, linakuja 6874. Akiondoa kabisa alama za mwisho wa mstari, ndipo 26 inapojitokeza. Programu haijaguswa muda wote huo. Ubao ni mzima, waya ni mzima, na hesabu iliyomo ndani ya programu ni sahihi.

Majibu hayo manne yanabeba karibu kila kitu ambacho sura hii inataka kueleza. Kugeuza maandishi ya heksadesimali kuwa namba kamili ni kazi ya mistari michache sana, na vitabu vingi huishia kwenye mistari hiyo. Kazi inayobaki, ile inayotofautisha kifaa cha majaribio na kifaa cha kufungwa ukutani kwa miaka kumi, ni kujua kipi cha kukataa.

Namba ikipita kwenye waya kwa umbo la maandishi, hupita herufi moja baada ya nyingine, na kila herufi ina msimbo wake. Misimbo hiyo inatoka kwenye jedwali la ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963. Humo tarakimu 0 ina msimbo 48, tarakimu 9 ina 57, na herufi kubwa A ina 65. Herufi ndogo ziliingizwa katika toleo la 1967, nazo zinaanzia 97. Kwa hiyo maikrokontrola ikipokea 1A, haioni ishirini na sita. Inaona 49, kisha 65.

Waliopanga jedwali hilo walifanya jambo la busara ambalo wanaprogramu wangali wanakula matunda yake. Ukiandika msimbo wa tarakimu 7 kwa biti, nne za mwisho zinasomeka 0111, yaani saba yenyewe. Ndivyo ilivyo kwa tarakimu zote kumi. Ila baada ya 9 haifuati A. Katikati zimekaa alama saba: nukta mbili, nukta mkato, alama ya ndogo kuliko, ya sawa na, ya kubwa kuliko, ya kuuliza, na ile @ ya anwani za barua pepe. Pengo hilo la alama saba ndilo linalofanya kazi hii istahili sura nzima. Bila hilo, kutoa 48 kungetosha.

Kati ya herufi kubwa na ndogo tofauti ni 32 kamili, yaani biti moja tu. Hapo ndipo ulipozaliwa ujanja ambao mafundi wa vifaa vidogo wanaupenda mno: chukua biti nne za chini za msimbo, na kama msimbo unafika 64 au zaidi, ongeza 9. Herufi A ina 1 kwenye biti zake nne za chini, ukiongeza 9 unapata 10. Herufi ndogo a nayo ina 1, inatoa 10 vilevile. F ina 6, inatoa 15. Kwa C ujanja wote unaenea kwenye mstari mmoja:

thamani = thamani * 16 + (c & 15) + 9 * (c >> 6);

Hiyo ndiyo programu iliyo ndani ya ubao wetu. Tatizo ni kwamba ujanja huu haujui kusema hapana. Mtu anapobonyeza kutuma, kompyuta huweza kuambatisha alama isiyoonekana ya kurudi mwanzo wa mstari, yenye msimbo 13. Biti zake nne za chini ni 13, na katika heksadesimali 13 ni D. Ubao ukasoma 1AD, ambayo ni 429. Alama ya mstari mpya ina msimbo 10, yaani A. Ikatokea 1AA, ambayo ni 426. Zilipotumwa zote mbili ikawa 1ADA, nayo ni 6874. Kila jibu lilikuwa hesabu sahihi ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Lakini kwa nini kumi na sita? Sababu ni kwamba tarakimu moja ya heksadesimali ni biti nne kamili, bila kubakiza wala kupungukiwa, na tarakimu mbili ni baiti moja. Mtu akiona 3F anaweza kukunjua biti zake kichwani: 0011 na 1111. Akiona 63, ambayo ni namba ileile kwa makumi, hana pa kushika.

Herufi zenyewe hazikuchaguliwa siku moja. ILLIAC I, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois iliyoanza kazi mwaka 1952, iliandika kumi hadi kumi na tano kwa herufi K, S, N, J, F na L. Bendix G-15, ya katikati ya miaka ya 1950, ilitumia u hadi z. LGP-30 ilikuwa na f, g, j, k, q na w. Namba iliyoandikwa kwa mashine moja ilikuwa mafumbo kwa mashine nyingine. IBM ilipotangaza mashine zake za System/360 tarehe 7 Aprili 1964, ikiwa na baiti ya biti nane na tarakimu 0 hadi 9 zikifuatiwa na A hadi F, ukubwa wa kampuni hiyo sokoni ulitosha kumaliza mjadala.

Uzuri wa kumi na sita unaonekana vyema zaidi mahali ambapo haukutumika. Mita ya umeme ya LUKU inayotumika Tanzania, sawa na mita za tokeni za Kenya, hupokea tarakimu 20 za kawaida kupitia vitufe vyake. Tarakimu hizo, kwa kiwango cha kimataifa cha STS kilichoanzia Afrika Kusini, hubeba biti 66. Mtu aliyesimama mbele ya mita ana vitufe kumi vya namba, na ni sawa kwamba hakuwekewa vingine sita vya herufi. Mzigo uliangukia kwenye maikrokontrola iliyo ndani. Biti 66 hazienei kwenye aina ya namba ya biti 64, ambayo ndiyo pana zaidi ambayo kompaila nyingi za vifaa vidogo hutoa, kwa hiyo mita hulazimika kuishika namba hiyo kwenye safu ya baiti tisa. Kila kitufe kinapobonyezwa, safu nzima huzidishwa kwa kumi, na salio husogea kutoka baiti moja hadi nyingine mpaka mwisho. Kama tokeni ingeandikwa kwa heksadesimali, kila tarakimu ingekwenda moja kwa moja kwenye biti zake nne bila kugusa jirani, na tarakimu 17 zingetosha.

Habari ya mita hizo haiishii hapo, na itarudi mbele kidogo.

Kwanza ni vyema kuona maandishi haya ya heksadesimali yanaingia wapi kwenye vifaa vya kila siku, kwa sababu watu wengi hudhani ni mambo ya darasani tu. Programu yenyewe inayoandikwa ndani ya chipu husafiri kwa umbo hilo. Intel ilibuni muundo wake wa faili katika miaka ya 1970, enzi za kanda za karatasi zenye matundu, na faili za .hex zinazotoka leo kwenye kompaila ya AVR, familia ya chipu iliyo kwenye Arduino Uno, zinafuata muundo huohuo. Mstari mmoja unaweza kuwa hivi:

:0300300002337A1E

Nukta mbili zinafungua mstari. 03 ni idadi ya baiti za data, 0030 ni anwani ya kuanzia kuandika, 00 ni aina ya mstari, kisha data yenyewe, 02 33 7A. Baiti ya mwisho, 1E, ni ya uhakiki: ukijumlisha baiti zote pamoja nayo, nane za chini za jumla lazima ziwe sifuri. Jaribu kwa kalamu. 03, 30, 02, 33 na 7A zinatoa E2, na E2 ukiongeza 1E inakuwa 100, ambayo baiti yake ya chini ni sifuri.

Kipokezi cha GPS nacho hutoa sentensi za maandishi kwa utaratibu uitwao NMEA 0183. Kila sentensi huanza kwa alama ya dola na kuishia kwa nyota na tarakimu mbili za heksadesimali, tuseme *47. Tarakimu hizo ni za kuthibitisha kwamba hakuna herufi iliyopotea njiani. Kifaa cha kufuatilia gari, cha jamii ya vile ambavyo LATRA hutumia kufuatilia mabasi ya Tanzania, kikipewa sentensi za aina hiyo kinapaswa kugeuza tarakimu hizo mbili kuwa baiti moja, kulinganisha, na kutupa sentensi yoyote isiyolingana. Fundi anayeruka hatua hii kwa sababu “GPS inafanya kazi tu” siku moja ataona basi lake likiwa katikati ya Bahari ya Hindi.

Moduli za simu za SIM800, zinazopendwa na wabunifu kwa bei yake ndogo, huweza kutoa ujumbe mfupi kwa hali ya PDU, ambamo kila kitu ni heksadesimali. Huko hata namba ya simu imepinduliwa mbili mbili. Namba ya Tanzania inayoanza kwa 2557 huonekana kama 5275, ya Kenya inayoanza kwa 2547 huonekana kama 5274, na ya Kongo inayoanza kwa 2438 huwa 4283. Na moduli ya redio ya RN2483 ya Microchip, inayotumika kwenye mitandao ya LoRaWAN kutuma vipimo vya maji au hali ya hewa kutoka mbali, hupokea mzigo wake kwa maandishi hayohayo: neno MAJI huingizwa kama 4D414A49.

Sasa hesabu. Njia ni moja kwa kila tarakimu: thamani iliyopo izidishwe kwa kumi na sita, kisha iongezwe tarakimu mpya. Kwa 1A3F inakwenda hivi: 1, halafu 16 na 10, ni 26, halafu 416 na 3, ni 419, halafu 6704 na 15, ni 6719. Kuzidisha kwa kumi na sita ni sawa na kusogeza biti zote hatua nne kushoto, na kompaila yoyote inajua hivyo. Hakuna haja ya kujua mapema namba ina tarakimu ngapi, wala kuhifadhi maandishi yote kwanza. Herufi inaingia, thamani inasogea, herufi inatupwa.

Maktaba ya kawaida ya C ina fanksheni za kufanya kazi hii, na kwenye kompyuta kubwa hakuna sababu ya kuandika nyingine. Kwenye chipu ndogo hesabu hubadilika. ATmega328P iliyo kwenye Arduino Uno ina kilobaiti 32 za flashi na baiti 2048 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. ATtiny13, chipu ya familia hiyohiyo yenye miguu minane, ina kilobaiti moja ya flashi na baiti 64 za kumbukumbu. Kumwita sscanf aje asome tarakimu mbili kwenye chipu kama hiyo ni kukodi lori la tani saba kubeba debe moja la maji: fanksheni hiyo inajua kusoma kila aina ya namba, maneno na nafasi, na msimbo wake wote huja nayo.

Wengine hukimbilia jedwali: safu ya baiti 256 ambapo kila msimbo wa herufi una jibu lake tayari. Ni njia ya haraka, na kwenye chipu za ARM Cortex-M jedwali lisilobadilika hubaki kwenye flashi bila kugusa kumbukumbu ya kazi. Kwenye ATmega328P mambo ni tofauti. Flashi na kumbukumbu zina anwani zilizotengana, na jedwali la kawaida, hata likiandikwa const, hunakiliwa kwenye kumbukumbu ya kazi chipu inapowashwa, isipokuwa mwandishi ametumia PROGMEM. Sehemu moja ya nane ya kumbukumbu yote inakuwa imekwenda kabla programu haijafanya lolote.

Na haraka yenyewe ni ya nini? Kwa kasi ya 9600, kila herufi huchukua biti kumi kwenye waya, pamoja na ya kuanzia na ya kumalizia, hivyo herufi 960 tu ndizo zinazopita kwa sekunde. Arduino Uno hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde. Kati ya herufi moja na inayofuata kuna mapigo zaidi ya 16,000 ya bure. AVR husogeza biti hatua moja kwa kila amri, kwa hiyo kusogeza namba ya biti 32 hatua nne ni amri 16 hivi. Hata ukiongeza ukaguzi wa herufi, kazi yote inakwisha chipu ikiwa haijatumia hata asilimia moja ya muda wake. Nafasi ya kukagua ipo. Anayefuta ukaguzi kwa kisingizio cha kasi anaokoa kitu ambacho hakikuwa na upungufu.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye upana wa chombo. Kwenye kompaila ya AVR, aina ya int ina biti 16. Kwenye ESP32 ina 32. Mtu akisoma FFFF na kuiweka kwenye int, ESP32 itampa 65535 na Arduino Uno itampa −1. Akisoma 8000 atapata 32768 huku na −32768 kule. Vibaya zaidi ni mstari wa kuunganisha baiti nne, ambapo baiti ya kwanza husogezwa hatua 24 kushoto. Katika C, baiti ikiingia kwenye hesabu hupandishwa kuwa int. Kwenye AVR int hiyo ina biti 16 tu, na kuisogeza hatua 24 ni jambo ambalo lugha haikuliwekea maana yoyote. Msimbo uliofanya kazi kwenye ubao mmoja kwa mwaka mzima unaharibika siku unapohamishiwa ubao mwingine. Dawa yake ni kuandika upana waziwazi, uint16_t au uint32_t, na kugeuza kabla ya kusogeza.

Ni hapa mita za umeme zinaporudi. Ndani ya biti za tokeni ya STS kuna namba ya biti 24 inayohesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Biti 24 ni tarakimu sita za heksadesimali, na kubwa kuliko zote ni FFFFFF, yaani dakika 16,777,215. Dakika hizo zilitimia tarehe 24 Novemba 2024. Mita hukumbuka namba za tokeni zilizokwisha kutumika ili mtu asiingize moja mara mbili. Hesabu iliporudi sifuri, tokeni mpya zingeonekana za kale na kukataliwa. Ndiyo maana katika mwaka ule wateja wa Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi waliambiwa waingize tokeni za ziada za kubadili ufunguo wa mita kabla ya ile ya umeme waliyoinunua. Mamilioni ya watu walibonyeza tarakimu ishirini mara kadhaa kwa sababu ya upana uliochaguliwa miaka thelathini nyuma. Waliouchagua hawakukosea, walijua mwisho wake ni lini na kiwango kilikuwa na njia ya kuvuka. Wengi wanaoandika int bila kufikiri hawajui mwisho wao ni lini.

Aina ya char nayo ina siri yake. C haijaamua kama ni ya namba chanya tupu au inaruhusu hasi, imewaachia watengenezaji wa kompaila. Kwa kawaida GCC huifanya iruhusu hasi kwenye AVR, na isiruhusu kwenye ARM. Tarakimu halali zote ziko chini ya 128, kwa hiyo mradi waya uko safi tofauti haionekani. Kelele ikiingia, mathalani waya ulegee au kasi za pande mbili zisilingane, hupokelewa baiti kama FF. Kwenye AVR baiti hiyo ni −1. Ikitumiwa kutafuta jibu kwenye jedwali, programu husoma kumbukumbu iliyo kabla ya jedwali. Ikipewa isxdigit bila kugeuzwa kwanza kuwa unsigned char, lugha haiahidi lolote.

Kuhusu strtoul, ambayo wengi huiona kuwa mlango salama, inafaa kusema wazi inaruhusu nini. Inaruka nafasi tupu za mwanzo. Inakubali 0x, na hilo ni jema. Inakubali alama ya kutoa pia, ingawa jina lake linasema haina hasi: ukiipa -1 inarudisha namba kubwa kuliko zote inazoweza kubeba. Ukiipa G inarudisha 0, jibu lilelile la mtu aliyeandika 0 kwa dhati, na mwenye kutaka kutofautisha lazima akague kielekezi cha mwisho. Namba ikizidi upana, inarudisha ile kubwa kabisa na kuacha taarifa kwenye errno, ambayo wachache huitazama. Watu wa OpenBSD walichoshwa na mlolongo huu kiasi kwamba mwaka 2004 waliongeza strtonum, fanksheni inayodai kiwango cha chini, kiwango cha juu, na kutoa kosa kwa maneno. Hiyo hushughulikia makumi tu, lakini mtazamo wake ndio unaohitajika hata kwenye chipu ya baiti 64.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, fanksheni inayofaa kuandikwa kwenye maikrokontrola ni hii:

int8_t tarakimu(char c)
{
    if (c >= '0' && c <= '9') return c - '0';
    if (c >= 'A' && c <= 'F') return c - 'A' + 10;
    if (c >= 'a' && c <= 'f') return c - 'a' + 10;
    return -1;
}

bool soma_heksa(const char *p, uint32_t *jibu)
{
    uint32_t thamani = 0;
    uint8_t idadi = 0;
    for (; *p != '\0'; p++) {
        int8_t t = tarakimu(*p);
        if (t < 0 || idadi == 8) return false;
        thamani = (thamani << 4) | (uint8_t)t;
        idadi++;
    }
    if (idadi == 0) return false;
    *jibu = thamani;
    return true;
}

Haina ujanja. Mtu anayesoma C kwa mwezi wa kwanza anaweza kuifuata kwa kidole. Jibu na hukumu vimetenganishwa: fanksheni inarudisha ndiyo au hapana, na thamani inawekwa pembeni, hivyo sifuri halali haichanganyiki na sifuri ya kushindwa. Thamani ya mwitaji haiguswi mpaka maandishi yote yakubalike. Tarakimu ya tisa inakataliwa kabla haijasukuma ya kwanza nje. Mstari mtupu unakataliwa. Baiti ya kelele, iwe −1 au 255, haiingii kwenye kundi lolote kati ya matatu, inaishia kwenye −1 ya mwisho. Na alama ya kurudi mwanzo wa mstari, ile iliyotuletea 429, sasa inakataliwa, kwa hiyo anayeita fanksheni analazimika kuiondoa mwenyewe kwa makusudi. Hilo ndilo linalotakiwa. Uamuzi wa mstari unaishia wapi ni wa anayesoma waya, na unapaswa kufanyika huko mara moja tu.

Kuna swali moja ambalo fanksheni hii haijibu, nalo huwatesa sana wanaoanza na LoRaWAN. Ufunguo wa mtandao huo ni baiti 16, tarakimu 32 za heksadesimali, na hauingii kwenye namba kamili ya kawaida. Husomwa tarakimu mbili mbili na kuwekwa kwenye safu ya baiti. Je, jozi ya kwanza iwekwe mwanzo wa safu au mwisho? Kwenye maktaba ya LMIC ya Arduino, kitambulisho cha kifaa na cha programu huwekwa kinyumenyume, baiti ndogo ikitangulia, ilhali ufunguo wenyewe huwekwa kama ulivyoandikwa. Mtu anaweza kugeuza kila tarakimu kwa usahihi, akakosea mpangilio wa moja kati ya hivyo vitatu, na kifaa kikaomba kujiunga na mtandao usiku kucha bila kupata jibu. Hakuna ujumbe wa kosa. Kabla ya kuandika mstari wowote wa kugeuza, soma maelezo ya kifaa utafute maneno ya mpangilio wa baiti, uyaandike kama maoni juu ya fanksheni yako.

Kisha ujaribu. Washa ubao, utume 1A, halafu 1a. Tuma 0, tuma FFFFFFFF. Tuma mstari mtupu. Tuma 1G, tuma -1, tuma nafasi tupu ikifuatiwa na 5. Tuma tarakimu tisa. Badilisha mpangilio wa mwisho wa mstari mara nne, na kila mara urudie 1A. Mwisho chomoa waya katikati ya kutuma na uurudishe. Andika kwenye karatasi majibu unayoyatarajia kabla ya kuyaona. Kama ubao wako unatoa namba yoyote kwa 1G, usiufunge kwenye boksi bado.